Kufuli la Jumapili

Nakhumicha alikuwa na ugonjwa mmoja usiotibika hospitali: alitaka kujua. Alitaka kujua kwa nini mkate wa duka la kona ulikuwa mwepesi kuliko wa duka la mbele, fundi viatu alikula nini mchana, na mhubiri wa kanisa lao alinunua wapi zile soksi zake. Aliuza omena, wale dagaa wa ziwa, na sukuma wiki katika soko la mtaa wa Jericho, Nairobi, na mteja aliyekuja kununua omena za shilingi tano aliondoka ameulizwa maswali ya shilingi mia. Waliomzoea hawakumkasirikia. Wasiomzoea walihamia meza nyingine kwa wiki moja, kisha wakarudi, maana omena zake hazikuwa na mchanga.

Mwaka wa tisini na nne ndipo alipopata swali ambalo hakulitafuta. Pesa zao zilikuwa zinakwenda wapi?

Mambo yalianza na kifo. Baba mkwe wake, mzee Nalianya, aliletwa Nairobi kutibiwa mwezi wa pili, akafia hapa hapa. Sasa, Mbukusu mwenye boma lake Kimilili, kule magharibi, hazikwi makaburi ya Lang'ata. Lazima arudishwe nyumbani, na harudi peke yake. Basi likodishwe la watu sitini, jeneza liwe na kidirisha cha kioo, dume la ng'ombe liangushwe, na wote waliosafiri wale washibe. Michango ilikusanywa kila jioni uani kwao, na kila jioni chai na mkate wa wachangaji vilikula kipande kizuri cha mchango wenyewe. Hesabu ilipofungwa palikuwa na pengo la shilingi elfu kumi na moja.

Javan, mumewe Nakhumicha, ndiye aliyekuwa kifungua mimba wa mzee, kwa hiyo pengo likawa lake. Alikuwa mwendesha mashine katika kiwanda cha mikebe huko Industrial Area, mtu mpole, mrefu, asiyependa maneno. Alikwenda kwa Sylvance, mwenye duka la mabati na misumari Makadara, ambaye misumari ilikuwa kisingizio tu. Biashara yake hasa ilikuwa kukopesha. Sylvance alimpa elfu kumi na moja taslimu, arudishiwe kumi na sita kufikia tarehe thelathini Novemba. Rehani ilikuwa kadi ya nyumba.

Kadi hiyo ndiyo nyumba yenyewe. Nyumba za Jericho ni za baraza la jiji, na asiye na kadi ni mpita njia hata kama kitovu chake kilikatiwa humo. Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili, jiko na choo, kwa kodi ambayo huipati kwingine, na kadi ilikuwa bado na jina la marehemu, aliyepewa ujanani alipokuwa akisoma mita za maji. Waliweka rehani nyumba ya mzee ili wamzike mzee. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Hawa walikopa matanga kabisa, na kulipa kwake kungekuwa nini, wahenga hawakutuachia neno.

Machi ikapita, hakuna aliyelitaja deni. Mwanzoni mwa Aprili Sylvance mwenyewe alipita sokoni, akanunua omena za shilingi kumi, akalipa bila kubembeleza bei.

"Mama, nyumba yenu naona mnaitunza," alisema. "Msiache kupaka rangi. Rangi ikitoka ni gharama kwa anayeingia."

Nakhumicha hakuuliza swali hata moja, na siku hiyo wenzake sokoni walidhani anaumwa. Aliporudi nyumbani alichukua daftari la hesabu la mwanawe Wafula, akang'oa kurasa zilizotumika, akaanza kuandika kila senti iliyotoka mlangoni.

Ilikuwa kazi ya kila jioni, na Javan aliiona chungu.

"Jana ulitoka na ishirini," Nakhumicha alimwambia. "Umerudi na mbili. Kumi na nane zimeenda wapi?"

"Wewe siku hizi ni polisi?"

"Polisi huuliza akishachukua, Baba Wafula. Mimi nataka tu kujua."

Na akajua. Mshahara wa Javan ulikuwa elfu tatu na mia sita, na omena zilileta faida ya kama elfu moja na mia mbili. Siku zote walidhani wanaliwa na kodi na karo. Kumbe kodi na karo walikuwa watu wa heshima, wanakuja kwa saa yao na wanaondoka. Waliokuwa wakiwala ni wadogo: gazeti ambalo Javan alisoma ukurasa wa nyuma tu, soda na mandazi kwenye geti la kiwanda saa nne, nauli ya basi kwenda na kurudi, mafuta ya taa yaliyonunuliwa kwa chupa ndogo mara tano kwa wiki. Na Jumapili. Jumapili ilikuwa na ukurasa wake, kwa sababu ibada ikiisha watu wa magharibi hutembeleana, na mgeni haondoki bila chai ya maziwa, mkate na, akiwa shemeji, kitu cha kutafuna. Jumapili moja ilikula sawa na siku nne za kawaida.

Udadisi wake ulihamia ukutani. Ng'ambo ya ukuta aliishi Asenath, Mmaragoli mwembamba, mwenye sauti ya chini. Mumewe Caleb alifanya kazi kiwanda kile kile, safu moja ya mashine na Javan, na bahasha ya mshahara ya kima kimoja. Walikuwa na watoto wanne, Nakhumicha watatu. Na bado, kwa miaka yote waliyokaa ukuta kwa ukuta, Asenath hakuwahi kuja na kikombe kuomba chumvi. Hakuwahi kuandikwa kwenye daftari la mwenye duka. Watoto wake walikuwa na viatu. Kwa Nakhumicha hili lilikuwa fumbo kubwa kuliko Utatu Mtakatifu.

Akaanza kumsoma. Alichungulia pipa la taka la mstari wao, akaona maganda ya viazi ya Asenath, membamba hivi kwamba ungeweza kusomea gazeti chini yake. Aliona Asenath hanunui unga wa pakiti. Ananunua mahindi kwa gorogoro, ule mkebe wa kupimia, na kupeleka mashine ya kusaga. Aliona maharagwe yanachemshwa Jumatatu, sufuria moja, na yanapikwa kidogo kidogo hadi Alhamisi. Aliona betri za redio zimeanikwa juani kwenye dirisha kama dagaa, zipate nguvu ya kusikiliza taarifa ya habari mara mbili zaidi. Aliona gauni la shule la Celine, kifungua mimba wa Asenath, limeteremshwa pindo mara tatu, na kila pindo limeacha alama yake.

Yote aliyaiga. Sabuni ya mche ilikatwa vipande sita. Nyama ikawa matumbo, matumbo yakawa mara moja kwa wiki. Javan alianza kutembea kwenda kazini na wale wanaume wanaokatiza reli alfajiri, akalalamika wiki mbili, ya tatu akagundua kwamba kundi lile lina hadithi tamu kuliko gazeti. Wafula alifungua sufuria siku moja akafunika tena.

"Githeri tena, mathe? Jana githeri, juzi githeri. Tutaota mahindi kwa masikio."

"Yakiota tutauza," mama yake alimjibu.

Mwisho wa Aprili walimpelekea Sylvance elfu mbili. Mei elfu mbili. Haba na haba hujaza kibaba, na mara hii Nakhumicha aliona kwa macho yake kibaba kikijaa. Sitasema aliteseka. Ukweli ni kwamba alifurahia, kama mtu aliyefungua nyuma ya saa na kuona vile magurudumu yanavyosukumana.

Lakini bado kulikuwa na pengo asiloweza kulieleza. Hata alipoiga kila kitu, Asenath alibaki mbele yake kwa shilingi mia nne au tano kwa mwezi. Kulikuwa na kitu kimoja hajakiona.

Alikiona Jumapili moja ya Julai. Alikuwa ametoka kumsindikiza binamu ya Javan, aliyekula vipande sita vya mkate akiomboleza bei ya mkate, alipoona mlango wa Asenath umefungwa kwa kufuli. Kufuli kubwa, la nje. Hilo si ajabu, watu hutoka. Ajabu ni kwamba harufu ya omena za kukaanga ilikuwa inatoka kwenye dirisha la jikoni, na omena hizo alizijua. Alikuwa amemuuzia Asenath mwenyewe Jumamosi.

Jumapili iliyofuata alikaa nje na ungo wa mchele usio na mawe, akautoa mawe. Ibada ilipoisha familia ya Asenath ilirudi, ikaingia. Baadaye kidogo kufuli lilikuwa nje. Watu wawili walikuja kwa nyakati tofauti, wakabisha hodi, wakalitazama kufuli, wakaenda zao. Jioni kufuli halikuwepo, na Asenath alikuwa mlangoni akimwaga maji ya vyombo.

"Wanafanya maombi ya kufunga," Javan alisema alipoambiwa.

"Kwa omena?"

"Basi waulize."

Hakuuliza. Mtu anayeuliza kila kitu hujua pia maswali yenye makali. Lakini hesabu ilimkaa vizuri sana: Jumapili nne kwa mwezi, bila chai, bila mkate, bila shemeji. Hapo ndipo zilipokuwa zile mia nne. Akamstahi Asenath kwa akili, na akamwogopa kidogo.

Kufikia katikati ya Novemba deni lilikuwa limebaki elfu mbili na mia sita. Javan angelipwa tarehe ishirini na nane. Nakhumicha alipiga hesabu mara tatu, kwa kalamu na kwa vidole, na kila mara jibu lilikuwa lile lile: wangemaliza, wabaki na shilingi thelathini na kitu, mradi tu kisitokee chochote.

Kilichotokea ni barua. Ilitoka kwa mama mkwe wake, Khalayi, kwa mwandiko wa mjukuu. Jicho la kulia lilikuwa limefunikwa na mtoto wa jicho, la kushoto linafuata, na daktari wa huko alisema atibiwe Nairobi. Angefika Ijumaa ya tarehe ishirini na tano. Angekaa mwezi mmoja hivi. Alimshukuru Mungu kwamba ana mwana mwenye nyumba.

Javan aliisoma amesimama. Kisha akaiweka mezani, akavua kofia akaivaa tena.

"Hospitali, dawa, chakula chake," Nakhumicha alisema. "Si chini ya elfu mbili, Baba Wafula. Na tarehe thelathini haisogei."

"Najua."

"Mama anajua kadi iko kwa Sylvance?"

"Nilimwambia michango ilitosha." Javan alitazama ukuta. "Fanya unavyoona wewe."

Hivyo ndivyo wanaume wengine hufanya uamuzi: huukabidhi kwa mke, kisha hutembea kwenda kazini. Nakhumicha alinunua karatasi na bahasha. Angeandika kwamba watoto wana surua, mama asubiri Januari. Lakini barua huchelewa, na bibi kizee aliyekwisha kufunga mzigo huenda asiipate. Kwa hiyo alinunua pia kufuli, shilingi arobaini na tano, akaliandika kwenye daftari. Ndiyo bidhaa ya kwanza katika miezi minane ambayo hakuandika mbele yake ni ya nini.

Alhamisi ya wiki iliyotangulia safari aliwahi bombani nyuma ya nyumba. Asenath alikuwa peke yake, anafua shuka. Nakhumicha alilitoa kufuli kwenye kanga, bado na ufunguo wake.

"Mama Celine, nataka unifundishe," alisema. "Nani hulifunga nje, na ninyi mko ndani?"

Asenath aliacha kusugua. Alilitazama kufuli lile kwa muda, halafu akamtazama Nakhumicha, na uso wake haukuwa wa mtu aliyefumaniwa. Ulikuwa wa mtu aliyechoka kungoja kuulizwa.

"Celine," alisema. "Hulifunga, halafu huingilia dirisha la jikoni."

"Akili!"

"Wewe unataka kumfungia nani?"

"Mama mkwe. Si kwa ubaya. Ni mwezi huu tu, mpaka deni liishe."

"Mimi pia ilikuwa siku moja tu," Asenath alisema.

Akakaa juu ya jiwe la kufulia, povu likimkauka mikononi, na akasema kwa ile sauti yake ya chini maneno mengi kuliko aliyowahi kumwambia jirani yeyote.

"Ilikuwa mwaka wa themanini na nane, hatujahamia mstari huu. Caleb alikuwa amesimamishwa kazi, tunadaiwa kila mlango. Ndani nilikuwa na unga wa watoto, kikombe kimoja. Hakuna majani ya chai. Jumapili nikamwambia Celine afunge nje, ili watu wa kanisa wasituone. Mchana nikasikia hodi. Sikujibu. Hodi tena. Halafu nikasikia mtu anakaa kwenye kizingiti, anakohoa. Mama Wafula, kikohozi cha mama yako utakijua hata ukiwa kaburini. Alikuwa ametoka kwetu Chavakali bila kutuarifu. Nilimziba mtoto mdomo kwa mkono huu. Nilijiambia, nikifungua nitampa nini? Mama yangu ametoka mbali hivi, nimpe maji matupu? Na nitamwambiaje kwamba nilikuwa ndani tangu hodi ya kwanza?"

"Alikaa muda gani?" Nakhumicha aliuliza. Hata hapo, masikini, alitaka kujua.

"Kutoka saa nane mpaka jua lilipogeuka. Kisha akainuka, akaenda. Hakurudi tena. Niliandika barua kwamba tulikuwa tumehamishiwa Mombasa. Mtu aliye Mombasa hawezi kufungua mlango wa Nairobi, si ndiyo? Tangu hapo sidaiwi na mtu hata senti. Caleb akaenda kwao peke yake mara mbili; mimi Chavakali sijakanyaga tena. Watoto wangu wawili wadogo, mama yangu hajawaona."

Akainua shuka, akaendelea kufua. Nakhumicha alibaki amesimama na kufuli mkononi, na akaona aibu. Miezi minane alikuwa amemfuata mwanamke huyu hatua kwa hatua, akimwonea wivu maganda ya viazi, na hapa ndipo njia ilipokuwa inafika. Alimwonea huruma, na papo hapo alimkasirikia, na akajikasirikia zaidi yeye mwenyewe.

Barua ya surua haikuandikwa. Lakini tarehe thelathini ilikuwa pale pale, na huruma hailipi deni. Dawa ya deni ni kulipa. Alikaa na daftari lake, akalisoma kutoka mwanzo, na swali jipya likamjia ambalo alishangaa hakuliuliza mapema. Alikuwa ameandika kila kinachotoka. Hakuwahi kuorodhesha kilichomo. Akainua macho akaitazama nyumba: vyumba viwili.

Kulikuwa na msichana aitwaye Vivian, mpiga taipu katika mahakama ya Makadara, aliyenunua sukuma kwake kila jioni na kulalamika kuhusu shangazi aliyeishi naye. Kesho yake Nakhumicha hakumngoja alalamike.

"Vivian, ukipata chumba Jericho utalipa ngapi?"

"Room? Mathe, usinichezee. Mia saba naweza."

"Ya miezi mitatu, kwa mkupuo?"

Vivian alipiga hesabu hewani. "Elfu mbili na mia. Niko nayo kwa sacco. Lakini iwe na kufuli yake, mathe. Auntie yangu anavaa viatu zangu."

"Kufuli lipo," Nakhumicha alisema. "Jipya."

Alidhani Javan angecheka kwa furaha. Javan aliweka kijiko chini.

"Chumba cha watoto akichukua huyo msichana, watoto wanakuja huku kwetu. Sawa. Na mama atalala wapi?"

"Huku huku. Tutaweka pazia."

"Nakhumicha." Hakuwa na kawaida ya kumwita kwa jina lake. "Mama yangu hawezi kulala chumba kimoja na mimi na wewe. Weka pazia kumi. Jambo hilo halifanywi. Afadhali Sylvance achukue nyumba."

Alikuwa na haki, na Nakhumicha alijua ana haki. Alikuwa amezama katika tarakimu mpaka akasahau mwiko ambao mtoto wa darasa la pili kwao anaujua. Mama halali alalapo mwanawe na mkewe. Mwiko huo haupunguzwi kama sabuni. Chumba cha pili Wafula alikuwa akiwagombeza wadogo zake kuhusu penseli.

"Hebu niambie," Nakhumicha alisema. "Kiwandani, zamu ya usiku, nani huifanya?"

"Wanaolazimishwa."

"Kwa nini?"

"Nani anataka kulala mchana na kelele za Jericho?"

"Ina posho?"

"Ishirini kwa usiku."

"Na msimamizi, mtu akiomba mwenyewe zamu hiyo mwezi mzima, atasema nini?"

Javan alisukuma sahani kando. Halafu akaanza kucheka, polepole, mabega yakitikisika, kicheko ambacho hakikuwa kimesikika katika nyumba ile tangu matanga. "Atanikumbatia," alisema.

Ijumaa Javan alimpokea mama yake kwenye kituo cha mabasi. Khalayi aliingia na kuku mmoja, mtama na kikapu cha ndizi mbivu. Aliipapasa nyumba kwa mikono, kwa sababu aliishi humo akiwa bibi harusi, na mkono wake ukafika kwenye kufuli la chumba cha pili.

"Huku kumefungwa kwa nini, mwanangu?"

Nakhumicha angeweza kumdanganya. Alimketisha, akamwambia yote, kadi, Sylvance, Vivian, zamu ya usiku. Javan aliinamisha kichwa kama mtoto. Bibi kizee alisikiliza mpaka mwisho.

"Yule dume hakuwa na haja ya kuwa mkubwa vile," alisema. "Mzee mwenyewe alipenda kunde."

Usiku wake wa kwanza alilala na mkaza mwana wake upande mmoja na wajukuu upande mwingine, na Javan alikuwa kwenye mashine zake. Asubuhi Javan aliporudi, mama alikwishatoka nje kuota jua na kuwaambia watoto wa jirani kwamba anayepiga kelele atamlisha mavi ya kuku. Javan alilala kama gogo.

Jicho lilipasuliwa Jumatatu. Jumatano, tarehe thelathini, mume na mke walikwenda Makadara. Sylvance alihesabu noti mara mbili, akafungua droo, akatoa kadi, akaiweka juu ya meza kama mtu anayeng'oa jino lake mwenyewe.

"Ungempa nani nyumba?" Nakhumicha alimuuliza.

"Mama, hilo si la kuuliza."

"Nataka tu kujua."

Sylvance alifunga droo. "Kuna mtu alikuwa ameshalipa nusu," alisema. "Leo itabidi nimrudishie."

Nakhumicha alitoka dukani na kadi, akaishika kwa mikono miwili mpaka nyumbani.

Jumapili iliyofuata wageni walikuja kumwona Khalayi, kama ilivyo desturi, na wengi walikuja na kitu mkononi, kwa sababu mgonjwa hutembelewa kwa mkono uliobeba. Chai haikuwatosha wote, wengine wakanywa uji wa mtama, na hakuna aliyekufa. Walipopungua, bibi kizee alibaki kwenye kiti mlangoni, jicho moja limefungwa bandeji, la pili likiona ukungu tu. Asenath alisimama mbele yake. Alikuwa amebeba mayai manne kwenye kitambaa. Nyuma yake mlango wake ulikuwa wazi, na watoto wake wawili wadogo walikuwa wamesimama kizingitini wakitazama.

Nakhumicha hakuwahi kumwona akibisha kwa mtu yeyote. Alibaki jikoni, mwiko mkononi.

"Mulembe, mama," Asenath alisema.

"Mulembe, mwanangu. Sauti yako ni ya Maragoli." Khalayi alinyoosha mkono, akaupata wake, akaushika kwa mikono miwili kama wazee wanavyofanya kwao, hawauachii mpaka wajue wamemshika nani. "Wewe ni wa nani?"

Asenath aligeuka akautazama mlango wake. Ni swali la kila siku. Watu wa magharibi huulizana hata kwenye foleni ya maji, na hulijibu bila kufikiri.

"Mimi ni wa Mideva," alisema hatimaye, akilitaja jina la mama yake. "Mideva wa Chavakali."

"Mideva hajambo?"

Mayai yalianza kugongana ndani ya kitambaa. Khalayi, ambaye hakuona uso wake, aliendelea kuushika mkono ule na kungoja, kwa upole, kama mtu anayengoja salamu imalizike.

"Sijui, mama," Asenath alisema. "Nilikuwa ndani. Sijui."